Ngatu ya Losaline Ukutani kwa Kelepi

Siosaia alikuwa anapita zake aliponyanyua macho akaiona ngatu ya marehemu mkewe. Imetandazwa ukutani kwa Kelepi, mlango wazi, na Mzungu anaipiga picha. Akasimama njiani.

Hakuna aliyeiba. Siku ya mazishi, Seini, binti wa shangazi yake Losaline, ndiye aliyekaa kichwani pa maiti. Kwa mila ya Tonga, anayekaa hapo huchukua vilivyo bora na haulizwi. Seini akaibeba ngatu ile, nguo ya magome ya mti ambayo Losaline aliitwanga mpaka mabega yakamlemea. Siosaia aliinamisha kichwa tu.

Lakini kwa Kelepi!

Kelepi mwenye nyumba ya wageni pale bandarini Neiafu, wanakofikia wenye mashua na wanaokuja kutazama nyangumi. Kelepi ambaye ujanani hakukosa jioni hata moja nyumbani kwa baba yake Losaline, vijana wakikaa duara na binti akiwachanganyia kava, kinywaji cha mizizi. Siosaia naye alikuwemo. Walinyweshwa kikombe kimoja. Losaline akamchagua Siosaia, ila Siosaia hakusahau jinsi mwenzake alivyokuwa akikipokea kikombe kile polepole.

Akaenda kwa Seini.

"Dada, ngatu umempa Kelepi?"

"Aliniomba, nikampa. Ulitaka niilalie?"

"Mji mzima hukuona mtu mwingine?"

"Shemeji, unauonea wivu ukuta?" Seini akacheka. Kisha akauona mkeka mchakavu wa matanga aliojifunga Siosaia kiunoni, akaacha. "Siwezi kuirudisha. Nawe huwezi kuidai. Unajua."

Alijua.

Tangu hapo chakula hakikupita. Akimenya kiazi kikuu anamwona Kelepi anaamka, macho yake ya kwanza yanatua kwenye kazi ya Losaline. Yeye amebakiwa na kigongo cha kutwangia.

Kelepi alikuwa amemwita mara nyingi aje anywe kava na wageni, wazee wapendezeshe duara. Siosaia alimjibu kwamba yeye si kasuku. Ijumaa ile akaenda mwenyewe.

"Leo kasuku kaja?" Kelepi akamtania.

"Leo nina kiu."

Akakaa akiielekea ngatu. Kelepi akaanza kuwaeleza wageni kwa Kizungu, mkono ukionyesha ukutani. Siosaia hakuelewa kitu, ila jina la mkewe alilisikia. Lilitajwa kwa sauti laini mno.

"Unawaambia nini?"

"Kwamba aliyeitengeneza alinigawia kava ujanani."

Ilikuwa kweli. Hicho ndicho kilichomchoma.

"Waambie na mimi alinigawia. Halafu waambie nani alimwoa."

"Bwana wee, watu wamekuja kustarehe."

"Waambie! Au kwa kuwa sijui Kizungu ndiyo unanificha?"

Kelepi akakizungusha kifuu cha kava mkononi. Kisha akasema, maneno machache. Wageni wakaiacha ngatu, wakautazama mkeka wa matanga. Mama mmoja mzee, amebabuka kwa jua, akaweka mkono kifuani. Hapo Siosaia akajua Kelepi ameyasema kweli.

"Umeridhika?" Kelepi akauliza.

"Bado. Umefupisha mno."

Kelepi akacheka kidogo. Akainamia kifuu. "Hata mimi nililia, Siosaia. Siku ya mazishi."

"Nani alikupa ruhusa?"

Kava ikazunguka tena, wakanywa, mmoja baada ya mwingine, kama zamani. Aliyewagawia hakuwa Losaline.

Siosaia aliponyanyuka kuondoka Kelepi akamfuata mlangoni.

"Ijumaa utakuja?"

"Nitakuja. Nikikuacha nayo peke yako utaongeza maneno."

Akapanda kilima. Nusu ya njia akageuka. Kelepi alikuwa anafunga madirisha, moja moja, bila haraka. Lile la karibu na ngatu alilifunga la mwisho.