Ruhusa ya Nyumba ya Nyuma

Kwa nini njia anayopita mtu mmoja na kikapu chake itandikwe mawe kwa upana wa lori? Shangazi aliniuliza hivyo akiwa ameshika karatasi ya zoni, ofisi ya serikali ya hapo kwetu, na mimi, niliyekuwa nimerudi Kindu likizoni na madaftari yangu ya chuo kikuu, niliichukua nikaisoma upya.

Baba alipofariki, mama alimpa shangazi sehemu ya nyuma ya kiwanja chetu cha mtaa wa Kasuku, naye akajenga. Sasa zoni ilisema kiwanja hakigawanywi mpaka kila kipande kifikiwe na barabara ya mawe. La sivyo, nyumba ya nyuma ingebomolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote. Mwenye kuomba asamehewe amwandikie komisere, mkuu wa zoni.

"Andika basi," shangazi alisema. "Ao masomo yako njo ya kubishana na mama yako tu?"

Niliandika kwa Kifaransa, na karatasi ya kaboni chini yake. Maneno ya heshima niliyanakili kutoka barua ya zamani ya marehemu baba. Karani wa zoni aliipokea bila kuniangalia.

"Mutakuja kuuliza jibu hapa," akasema.

Nyumbani, niliisoma nakala tena. Nilikuwa nimemwita komisere "mesye", yaani bwana. Neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku na Chama kilichotawala. Sote tulikuwa "sitwayeni", raia, na aliyeteleza aliulizwa anakipinga Chama kwa nini. Mama aliichukua nakala, akaitia kwenye jiko la makaa.

"Umetuua, mutoto wangu," alisema polepole. "Shangazi yako asijue."

Tangu hapo kila gari lililopunguza mwendo mbele ya ua wetu lilinikimbiza nyuma ya nyumba. Mimi niliyewahoji mapadri na wahadhiri, niliyeuliza hata maana ya nyimbo tulizoimbishwa asubuhi, nilizunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya ofisi ile.

"Jibu iko?" shangazi aliuliza kila siku.

"Bado, shangazi."

"Uliuliza?"

"Niliuliza."

Sikuwa nimeuliza.

Ijumaa, kesho yake ikiwa salongo, hakuniuliza tena. Alipanda juu ya nyumba yake akaanza kung'oa mabati.

"Wakibomoa wao watayakunja," alisema. "Nikibomoa mimi, nitafika kwetu Kibombo na paa yangu."

Niliyapokea moja moja. Neno lilinifika mdomoni: shangazi, ngoja, sijaenda kuuliza. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ananitazama. Nikapokea bati jingine.

Asubuhi watu wa salongo walikuja na makoleo, wakakuta kuta bila paa. Msimamizi wao akacheka.

"Sitwayeni, weye unatii mbele ya kuamriwa!"

"Bomoeni, baba," shangazi alijibu. "Mimi nilishamaliza yangu."

Wiki ile alipanda treni ya Kibombo, kwa ndugu zake. Hakurudi kuishi Kindu.

Miaka mingi baada ya kumzika, nilikwenda ofisi ile ile kutafuta hati ya kiwanja. Ndani ya faili letu kulikuwa na ruhusa yenye jina la shangazi: njia ya miguu inatosha, mawe asidaiwe. Ilikuwa imetiwa sahihi siku mbili baada ya barua yangu.