Kiuno Hakina Jino

Kwenye dirisha la maabara hapa Morogoro, mbele yangu kwenye foleni, mama mmoja wa Bigwa, shavu limevimba, alimkazia macho muuguzi.

"Kipimo cha damu kinasema mwilini kuna uvimbe. Basi na mimi nina sukari na presha, kama marehemu dada?"

"Hapana, mama. Hata uvimbe wa jino bovu hukipandisha kipimo hicho. Peke yake hakitoshi kusema una sukari au presha. Tupime kiuno, presha na sukari."

"Kiuno? Nifungue khanga?"

"Pazia lipo."

"Twende. Nina wajukuu, sitaki kubahatisha."

Alitoka ameshika shavu. "Kiuno kimezidi, na hakina jino la kusingizia. Chai ya sukari ndiyo basi, kuanzia leo."

Nikaitwa mimi. Mungu anisamehe, utepe ulipofika kiunoni nilibana tumbo.

"Achia pumzi, baba," muuguzi akasema. "Sina haraka."