Mlango wa Uani

Juzi kitukuu wangu alirudi kutoka shule akaniambia wamechaguliwa watu wa kamati ya hatari, ili moto au mafuriko yakija, kila mtu ajue la kufanya. Nikamuuliza kamati hiyo ina akina nani. Akanitajia mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu na wazazi wawili.

"Na anayepika?" nikamuuliza.

Akacheka, akadhani babu ameanza kupotea.

Mimi nimewahi kuwa katika kamati kama hiyo, ila wakati ule hatukuwa na neno hilo. Tulijiita watu wa moto tu. Ilikuwa Bagamoyo, kabla Wadachi hawajatweka bendera yao, na tulichokilinda ni chuo cha Kurani kilichokuwa nyumbani kwa mjomba wangu. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mpagazi walikaa mkeka mmoja, wakasoma kwa sauti hata mtaa mzima ukajua wamefika sura gani. Binti yangu wa kwanza alikuwa miongoni mwao.

Mwaka huo jua lilikuwa kali na makuti yalikauka mno. Mchana mmoja nyumba kadhaa za mtaa wa pili ziliteketea, na wazazi wakaanza kukitazama chuo kwa jicho jingine: chumba kimejaa watoto, mlango mmoja tu unaotokea barabarani. Wengine walisema watawatoa watoto wao. Mjomba akawaita wanaume wa mtaa barazani kwake, nami nikaitwa kwa kuwa ni mpwa wake na nilikuwa nimerudi kutoka Unguja nilikosoma nahau ya Kiarabu.

Tuligawana kazi kwa kufuata ujuzi wa kila mtu. Seremala atakuja na pembo, miti mirefu yenye kulabu, za kuvutia makuti yanayowaka. Mhindi mwenye duka la nguo, ambaye mwanawe alisoma pale, atatoa madebe ya maji.

"Madebe nitatoa," alimwambia seremala, "lakini yarudi. Ndoo niliyomwazima shemeji yako, mpaka leo anaogea."

"Anaogea kweli? Basi imemfaa. Zamani hakuwa akioga."

Mimi nilipewa watoto. Nikisikia upatu unapigwa, niwapange mstari na kuwatoa kwa mlango wa mbele.

Yule mwenye duka akauliza, "Na moto ukianzia huku mbele?"

"Utaanziaje mbele?" seremala akajibu. "Majiko yako uani."

"Ya kwako yako uani. Mimi kila asubuhi namwona mama wa ng'ambo ya barabara akikaanga vitumbua mlangoni."

Watu wakacheka, na swali likapita. Tangu siku ile nimekifikiria kicheko kile mara nyingi. Wote waliokuwa pale walijua nyumba ina nyuma. Lakini nani angeweza kumwambia mwanamume mbele za watu, "Uani kwako kukoje?" Pazia la mwenzio huliulizi. Mjomba alitazama tasbihi yake. Kati ya wageni wale mimi peke yangu niliruhusiwa kupita lile pazia, na nilijua kilichoko: ukumbi, jiko, kisima, kisha mlango mdogo unaotokea kichochoroni, ambao wanawake waliutumia kutembeleana. Neno lilikuwa mdomoni. Nikaona mwenye nyumba ndiye wa kulisema. Labda naye aliniachia mimi. Sikumuuliza mpaka akafa.

Tukafanya jaribio. Upatu ukapigwa, watoto wakatoka kabla mwenye duka hajamaliza kukunja tambuu yake. Binti yangu nilimweka wa kwanza mstarini, awe mfano kwa wenzake. Tulijisifu sana.

Baada ya siku chache cheche iliruka kutoka jiko la vitumbua, ikaangukia makuti ya upenu wa baraza ya mjomba. Upatu ukalia. Watoto wakasimama, wakajipanga kama walivyofundishwa, wakaenda kwenye mlango wa mbele, na mlango wa mbele ulikuwa unawaka. Binti yangu akasimama. Wa nyuma wakasukuma. Nami, ambaye ningepaswa kuona, nikapiga kelele, "Tokeni, tokeni," kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana.

Pazia likang'olewa. Mkaza mjomba, mke wa mjomba wangu, alikuwa amesimama pale kichwa wazi, mikono imejaa unga.

"Huku," akasema. "Na wewe acha kupiga kelele, wageuze watoto."

Wakageuka, wakapita jikoni, wakapita kisimani, wakatokea kichochoroni. Lakini mstari ukigeuzwa, aliyekuwa wa kwanza huwa wa mwisho. Kuti lenye moto lilimwangukia binti yangu begani kabla sijamfikia. Watoto wengine wote walitoka wazima. Yeye alilala kifudifudi majuma mengi, na kila usiku tulisikiliza kama bado anapumua.

Alipoanza kukaa kitako, tulikutana tena. Safari hii mkaza mjomba alizungumza nyuma ya pazia jipya.

"Siku ile mlipogawana kazi niliwasikia tangu mwanzo. Nikawa nawangoja mfike jikoni. Hamkufika."

"Mbona hukusema?" nikamuuliza, na mara nikatamani nisingeuliza.

"Nani aliyewaletea kahawa, mwanangu? Si wewe? Uliipokea mkononi mwangu huku uani mara mbili, umeupa mgongo mlango wenyewe wa kichochoroni. Ungeniuliza, ningekujibu."

Hakuna aliyecheka. Mjomba akainuka, akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, akatungojesha kidogo mpaka wanawake wakaenda kwa jirani, kisha akatuingiza uani mmoja mmoja. Kila mwanamume aliinama kupita ule mlango mdogo. Seremala akaupima kwa shubiri, akasema ataupanua, na akaupanua. Jioni ile, nadhani, kila mmoja wetu alikwenda kumuuliza mkewe habari za nyumba yake mwenyewe.

Binti yangu sasa ni bibi wa huyu mtoto wa shule. Juzi aliponisikia nikiuliza nani anapika, alikuwa anachambua mchele karibu nasi. Alipandisha kanga begani, pale kwenye kovu, kama afanyavyo tangu utoto. Kisha akamtazama mjukuu wake aliyekuwa bado anacheka.

"Mjibu babu," akamwambia.

Mtoto akasema hajui. Akasema kesho atauliza.