Mshono wa Binti Yangu

Binti yangu ni fundi wa kuunga vyuma vya nyumba zitakazojengwa angani, kusiko na hewa. Hata sufuria zangu hazigusi kwa kidole kitupu, kwa mazoea tu. Anasema mafuta ya kidole yakibaki kwenye chuma, kiungo hakishiki. Basi anafuta, anainua kwenye mwanga, anafuta tena, ncha ya ulimi imetokeza pembeni ya mdomo. Ulimi huo kaurithi kwa marehemu mama yake, mshonaji, aliyekuwa akitunga uzi vivyo hivyo.

Juzi alinipeleka kazini kwake. Vyuma viwili alivyoviunga ndani ya pipa lililofyonzwa hewa vilifungwa kwenye mashine ya kuvuta. Kiungo kikiachia, kazi wanapewa wengine. Mwenzake akanitania, "Mzee, pumua, huku hewa ipo." Mashine ikavuta, ikavuta, kisha pa! Nikafumba macho.

"Kimekatika," nikasema.

"Kimekatika wapi, baba? Tazama vizuri."

Nikatazama. Chuma chenyewe kilikuwa kimechanika, na kiungo kando yake kizima, hakina hata ufa. Wenzake wakapiga makofi. Yeye akavua glavu, akapitisha kidole kitupu juu ya kiungo, taratibu, kama mama yake alivyokagua pindo.

"Mama angesemaje?"

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie, lile neno alilowaambia wateja wake: "Kitambaa kichanike, mshono ubaki."