Tope Jeusi la Sitelbanat

Sitelbanat si mtu wa kubembeleza. Akina mama wa Kinubi wanaokwenda kwake Kibera kujifunza kusuka tabaga, vile vifuniko vya ukili vya kufunikia chakula, wanajua kwamba ukikosea msuko utafumua, na maneno utayapata. "Unasuka ama unacheza?" huwauliza.

Rangi nyeusi hanunui dukani. Nyuma ya nyumba ambayo yeye na mdogo wake waliachiwa na baba yao kuna kinamasi kidogo cha mboji, mizizi na majani yaliyooza tangu enzi za mababu mpaka yakawa tope jeusi. Humo huzika ukili, nao hutoka mweusi usiopauka. Mvua ikinyesha tope hilo hunywa maji, na wapangaji wa bondeni hulala pakavu.

Mdogo wake, Haroun, alipaona pale akaona vyumba vya kupangisha. Akamwaga kifusi ukingoni, na mvua iliyofuata ikaingia hadi kitandani kwa Nasike, mpangaji wake mwenyewe. Sitelbanat alilia kwa hasira.

"Dada, wachana na hii mambo ya matope," Haroun alimwambia. "Watu wanataka nyumba."

Tamaa ilimsahaulisha Haroun jambo moja. Binti yake Hadia alikuwa anaolewa, na kwao chakula cha harusi hakiendi mbele ya wakwe bila tabaga yenye mzingo mweusi. Kukipeleka wazi ni kuwatukana. Sitelbanat akatangaza kwamba hasuki, na wasukaji wote wakamuunga mkono, mke wa Haroun akiwamo.

Siku ya harusi wakwe waliketi, pilau ikapoa jikoni. Haroun akaja kwa dada yake kofia mkononi, jasho linamtiririka.

"Dada, wageni wananingoja."

"Na mimi nangoja kifusi chako kitoke."

Haroun akaita wazee wawili, akaapa mbele yao kwamba kinamasi hakitaguswa tena, kisha akapiga simu lori lije. Hapo Sitelbanat akavuta sanduku uvunguni. Tabaga zilikuwa zimejaa humo, zimesukwa zamani, kwani angemwaibishaje Hadia wake? Haroun akazibeba mbio hadi jikoni.

Wakwe walikuwa bado wanakula vigelegele viliporindima nyuma ya nyumba. Wakanawa mikono haraka, wakidhani bibi harusi anatolewa. Lakini Hadia alikuwa huko huko nyuma, hina mikononi, akipiga vigelegele kuliko wote, na lori lilikuwa linaondoka na kifusi cha mwisho.