Orofa ya Depo Inauzwa

Mwaka mzima Cirhuza Venant alitafuta mtu wa kununua orofa yake, na mwaka mzima aliulizwa swali lile lile moja.

Kama wangemuuliza paa, angejibu: bati ni zito, la enzi za Wabelgiji, halivuji hata kwa mvua ya Aprili. Kama wangemuuliza karatasi, zipo kwenye bahasha, na kila moja ina muhuri wa zone, ofisi ya serikali ya mtaa. Kama wangemuuliza maji, basi, hapo angedanganya kidogo kama wauzaji wote. Lakini wapi. Wanunuzi wa Bukavu waliingia, wakashangaa ukubwa wa chumba, wakasifu madirisha yanayotazama ziwa, wakanusa ile harufu ya kahawa iliyokataa kutoka kwenye mbao. Kisha wakamwona mama yake, Godelive, amekaa kwenye kiti chake, na nyuso zikabadilika.

"Sasa papa," alianza Grégoire, mwalimu, aliyekuja wa kwanza pamoja na mke wake. Alipunguza sauti, eti mama asisikie. "Kama mutu anakufa huku yulu, banamushusha namna gani?"

Venant alijibu kwamba huko juu hakuna aliyepanga kufa. Mwalimu akatikisa kichwa kwa adabu, akasema atafikiri, na mpaka leo anafikiri.

Orofa yenyewe ilikuwa juu ya depo ya zamani ya kahawa, karibu na bandari. Venant alifanya kazi humo miaka kumi na moja, akipokea na kushusha magunia ya Mgiriki mmoja, hadi mwaka ule serikali ilipowanyang'anya wageni biashara zao. Depo akapewa citoyen mmoja, mwananchi aliyeijua kahawa kwenye kikombe tu. Misimu miwili haikuisha, mali yote ikawa imeliwa. Citoyen akaikata nyumba vipande: chini akamuuzia Déogratias, mwenye duka la chumvi na sabuni, na juu akamuuzia Venant kwa bei ya kutupa. Venant akapigilia kuta za mbao, akaweka jiko, akapaka chokaa, akaenda Kalehe kumchukua mama yake. Siku hiyo Godelive alipanda ngazi za chuma kwa miguu yake mwenyewe, akicheka kila kipandio.

Ngazi hizo ni nyembamba na zinajizungusha. Miguu ya mama ilipokataa, Venant alijaribu kumshusha mgongoni. Wakakwama kwenye kona, wateja wote wa Déogratias wakitazama, ikabidi warudi juu kinyumenyume. Godelive akasema hatabebwa tena mgongoni maisha yake yote, na Godelive akisema amesema. Tangu hapo imepita miaka miwili. Komunyo analetewa na Emérence, mama wa shirika la kanisa. Habari za Kalehe analetewa na yeyote anayepita. Na Venant alimwahidi: nikiuza hapa, nakununulia nyumba ya chini, kwenu, ukifungua mlango unakanyaga udongo. Basi kila asubuhi mama anauliza, "Mununuzi amekuja?" Na kila mnunuzi anayekimbia anaondoka na udongo alioahidiwa Godelive.

Wa pili alikuwa Jeanine, anayeuza vitenge soko la Nyawera. Huyu alipenda kila kitu, hata harufu. Venant akaanza kutumaini. Jeanine akamsalimia mama kwa mikono miwili, akasimama katikati ya chumba akatazama huku na huku, akitafuta kiwanja.

"Parcelle haiko," alisema. "Sasa batu ba matanga batakaa wapi? Kwenye hewa?"

"Mimi niko nauzisha nyumba, maman, si kaburi."

"Kila nyumba, papa, siku moja kunatoka mutu ndani."

Akaondoka. Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa linajua kwamba kuna orofa huko bandarini ambayo maiti haitoki. Venant alikasirika hadi akashindwa kula. Watu hawa, alijiambia, hawajanunua hata kitanda cha kulalia, tayari wanapima jeneza.

Wa tatu, mwezi wa saba, alikuwa Gaston, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Mwenga, mtu mnene mwenye kofia nzuri. Huyu hata sauti hakupunguza. Alimwonyesha mama kwa kidevu, kofia bado kichwani, akasema, "Siku Mungu anaita huyu maman, atapita wapi?"

Hapo Venant akachoka kabisa.

Kwenye ukuta wa upande wa barabara kulikuwa na mlango mpana usio na ngazi wala kibaraza, unaofunguka kwenye hewa tupu. Hapo ndipo magunia yalipopita. Juu yake ilining'inia palan, mashine ya minyororo na ndoano, ambayo Venant aliendelea kuipaka grisi kila mwezi kwa mazoea tu. Kabati lilipanda kwa palan. Kitanda kilipanda kwa palan, friji pia. Akavuta komeo, akausukuma mlango.

"Atapita hapa," alisema. "Hii imeshusha kahawa ya Kivu muzima."

"Gunia si mutu," alijibu Gaston. "Minataka kuona mutu."

Mtu mwenye akili angemfungulia mlango wa ngazi na kumtakia safari njema. Venant alimwita Déogratias apande. Akaufunga ubao mrefu kwa kamba pembe zote nne, akautia kwenye ndoano, akalala chali juu yake, akakunja mikono kifuani.

"Shusha," alimwambia Déogratias.

Akashuka. Palan ililia taratibu, tik, tik, tik, na Venant akaenda chini mchana kweupe huku macho ameyafumba kwa hasira. Barabarani mzee mmoja akavua kofia. Mama mmoja aliyebeba ndizi akaanza kulia bila kuuliza nani amekufa, na wenzake wawili wakamsaidia. Ubao ulipogusa ardhi Venant akaamka kukaa, na hao walioanza kulia wakamtukana vizuri sana.

Gaston aliteremka ngazi, akauzunguka ubao, akaukanyaga pembeni.

"Inashuka muzuri," alikiri. "Lakini nitafikiri."

Venant alifungua kinywa amwambie la kumwambia. Sauti ya mama ikamfika kutoka juu. Godelive alikuwa amesogezwa na Déogratias, na kiti chake, mpaka kwenye mlango mpana, na alikuwa akimtazama.

"Venant. Uko muzima?"

"Niko muzima, maman."

"Basi panda. Funga hii kiti yangu."

Alipanda mbio. Alifunga kiti kwenye ndoano mara tatu, akamfunga mama kiunoni kwa kitenge na kamba, akakagua kila fundo kwa aibu, bila kumtazama machoni. Déogratias akateremka kumpokea. Minyororo Venant aliishika mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa havijasahau kitu: wapi pa kulegeza, wapi pa kushika, jinsi ya kuzuia mzigo usizunguke. Mama akashuka wima, mkoba magotini, akitazama ziwa. Barabarani hakuna aliyelia.

Venant alipofika chini alimkuta mama ameshavua viatu. Nyayo zake zilikuwa zimekanyaga vumbi mbele ya duka la Déogratias, na alikuwa akizisogeza polepole, mbele na nyuma. Gaston alikuwa bado amesimama pale, amevua kofia yake nzuri.

Godelive aliinua macho, akautazama ule mlango mpana, akaitazama minyororo.

"Ulifanya kazi na hii machine miaka ngapi?"

"Kumi na moja, maman."

"Na kuko gunia ulisahau huko yulu, hata siku moja?"

Venant alitazama miguu ya mama, iliyokosa vumbi miaka miwili.

"Hapana, maman," alisema. "Hata moja."