Tulivyopandisha Ng'ombe Heru Mwaka wa Ukame

Sikuondoka Kakonko kwa kupenda kutembea. Niliondoka kwa sababu kijito cha dada yangu Zipora kilikauka. Mvua za masika zilipita kama mtu anayesalimia mlangoni na kwenda zake, na majani yakawa ya kuvunjika mkononi. Dada alikuwa na ng'ombe wachache, na mkubwa wao, Gaju, alikuwa na mimba. Watoto wake walikua kwa maziwa ya ng'ombe hao. Mumewe, shemeji yangu Bukuru, akasema tuwapandishe milima ya Heru, kule Kasulu, ambako chemchemi hazikauki. Mimi niliongezwa safarini kwa kuwa nimesoma hadi darasa la nne, eti nitazungumza na wakubwa njiani. Sijui kama nilifaa kitu, ila nilikwenda.

Kibondo tulifika jua likiwa kali. Bwana mifugo, mtu mpole aliyeletwa kikazi kutoka pwani, alitutazama akatikisa kichwa.

“Mnapita nyika ya mbung'o na mama mwenye mimba? Mtamuua.”

“Tukibaki atakufa kwa kiu, bwana,” shemeji akajibu.

Yule bwana akatushauri tuvuke nyika asubuhi na baridi, kabla mbung'o hawajachangamka. Wengine nyumbani humsema vibaya. Kwetu alisema kweli, na naandika hivyo.

Mto Malagarasi tuliukuta umepungua, mawe yako nje kama migongo ya viboko. Ng'ombe walivuka bila kuogelea. Ng'ambo tukaingia nyikani, shemeji mbele na moshi wa mavi makavu ya ng'ombe ndani ya chungu kilichovunjika, mimi nyuma na tawi la kufukuzia. Kumbe mbung'o walinipenda mimi. Nilijipiga mgongo, shingo, hata masikio.

“Shemeji,” Bukuru akaita bila kugeuka, “tembea karibu na Gaju. Wakikuona wewe mnono watamwacha.”

Nilikasirika kidogo, halafu nikacheka, maana ilikuwa kweli. Kichaka chenyewe kilikuwa kimepukutika, na mbung'o walikuwa haba kuliko nilivyosimuliwa tangu utoto. Tulitoka upande wa Makere tukiimba.

Heru ni nchi ya kijani na ubaridi. Ng'ombe walinusa maji kabla yetu, wakaanza kukimbia. Hatukuwazuia. Kwetu bondeni ng'ombe huingia mtoni wakanywa, mambo yameisha. Huku juu si hivyo. Chemchemi ni ya watu, ng'ombe hawaikanyagi. Maji huchotwa na kumiminwa katika hori la udongo, ikibumbiro wanaliita, na kila mwenye ng'ombe ana zamu yake. Sisi hatukulijua hilo. Gaju alipanda juu ya hori, wenzake wakamfuata, na ukingo wote ukamomonyoka. Maji yakatapakaa.

Akaja mama mmoja mpana, fimbo mkononi. Ndiye Mama Josefina, mjane mwenye kundi na hori.

“Mwakeye,” nikamsalimia, yaani mmeamkaje.

“Tutaamka vipi vizuri na hori limekuwa tope? Nyinyi watu wa wapi?”

“Kakonko, mama.”

“Kakonko hamfundishi ng'ombe adabu? Au mmefundishwa nao? Rudini mlikotoka!”

Nilitafuta maneno ya darasa la nne, sikuyapata. Kurudi maana yake ilikuwa kumzika Gaju njiani. Shemeji alivua shati, akaenda kwenye kichuguu, akaanza kuchimba udongo. Nami nikavua. Tukaukanda kwa miguu, tukaubumba ukingo upya. Mama Josefina alisimama akitukosoa.

“Huyo msomi anabumba hori au kaburi la sungura?”

Watu waliokuja kuchota maji wakacheka. Kufikia mchana vijana wawili walikuwa ndani ya udongo pamoja nasi, na yeye mwenyewe alikuwa amefunga kanga kiunoni, akisawazisha kwa kiganja.

Hapo maneno yakageuka. Alisema babu yake alitoka kwetu bondeni, akikimbia ukame. Shemeji akasema hapana, babu yake yeye ndiye aliyetoka Heru kushuka, njia ilipofunguka baada ya miaka ya mvua nyingi iliyowaumiza ng'ombe kwa baridi na tope. Walibishana kwa furaha kama mawifi. Mimi sikuweza kuwaamulia. Ila wote wawili walikubaliana kuhusu nyika: mvua zikizidi kwa miaka, kichaka hufunga na mbung'o hutawala, watu hukaa walipo; jua likizidi, kichaka hukonda na njia hufunguka. Wazee wao walipanda na kushuka hivyo, mara hawa, mara wale.

Hori lilipokauka, Mama Josefina akatuita.

“Mmebumba. Huku aliyebumba haombi maji, anapangiwa zamu. Nyinyi ni wa nne, baada ya jirani yangu. Mkichelewa nitawatukana.”

Gaju alikunywa kwa utaratibu, shemeji akimwimbia. Alizaa jike siku chache baadaye, mabaka meupe usoni, na Mama Josefina akadai eti kafanana naye.

Shemeji alibaki na ng'ombe, mimi nikarudi peke yangu, kwa lori hadi Kibondo na kwa miguu hadi nyumbani. Njiani nilijaribu kupanga nilichojifunza. Nilidhani mfugaji huhama kufuata majani tu. Sasa nadhani jua na mvua humpa njia, lakini kukaa anapewa na watu aliowakuta. Huenda nakosea, nimeiona safari moja tu.

Dada Zipora alinipokea uani, mchi mkononi. Hakuuliza kama nimechoka, wala kama Gaju amezaa. Kumbe desturi ya Heru aliisikia zamani kwa wazee, ila hatukumwuliza.

“Wanaomba maji, au wamepewa zamu?”

“Wamepewa zamu, dada. Ya nne.”

Akaangusha mchi, akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka nje.